Barua kwa mwanangu: Ile picha

Korogwe, Jumapili jioni

Mwanangu Baraka,

Shikamoo yako dada yako kanifikishia, marahaba. Sisi wazima. Naandika kwa sababu kwenye simu huniachii nafasi: "Sawa mama, nimeelewa," halafu unakata.

Ile picha ya status nilionyeshwa Alhamisi nikipepeta mchele. Nilifurahi, sikufichi. Koti limekukaa, na mwaka wa tatu huo wa udaktari, umeingia wodini! Nikawaonyesha na akina mama waliokuja kusuka. Walipoondoka nikavaa miwani. Nyuma ya bega lako kuna kitanda, mguu umefungwa hogo, na kanga iliyofunika ule mguu inasomeka herufi zote. Mwenye kanga ile ana watoto, ana wakwe. Wataijua kanga kabla ya sura.

Usiniambie uso hauonekani. Usiniambie status hujifuta baada ya saa 24. Dada yako kaipiga skrinishoti, je, wengine? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti, na wewe Baraza la Madaktari Tanganyika bado halijakusajili. Wasilijue jina lako kwa njia hii.

Mgonjwa usimwambie wewe ni dokta. Mwambie ni mwanafunzi, taja jina, omba ruhusa, vuta pazia ndipo umfunue. Akikataa ondoka bila kununa. Hapo nakuogopea, maana kununa umerithi kwa baba yako. Koti usipande nalo daladala. Raundi uwahi, nimekuwa muuguzi miaka 27, najua daktari bingwa anavyomtazama anayeingia akihema. Lakini hata kuchelewa kuna nafuu kuliko ile picha.

Na habari za wagonjwa usiniletee, hata nikikuuliza. Nitakuuliza, najijua.

Yule rafiki yako wa gololi, walipohama ukiwa darasa la tano, nilikuambia wamepata kiwanja. Hawakupata kiwanja. Jibu la maabara la mama yake lilitoka zahanati likafika kisimani, na zamu ile tulikuwa wawili, na mwenzangu hakuwa mtu wa maneno. Tuyaache hayo.

Mbuzi kazaa mapacha, mmoja hanyonyi vizuri. Bati la jikoni bado linavuja, fundi kachukua hela ya misumari hajaonekana tena. Kesho alfajiri napakia mzigo kwenye basi: mfuko wa kijani, mchele na maharage, chupa ya samli iko katikati, usiulaze. Mpe na mwenzako wa chumbani, huyo mtoto wa watu anakula ugali mkavu.

Skrinishoti ya dada yako nimesimama pale mpaka akaifuta. Wale wasusi nimewaomba wasiseme, mmoja akaniuliza, "Kwani yule mgonjwa ni nani?"

Iliyobaki simuni mwako futa kabla hujaenda stendi kuchukua mzigo.

Mama yako