Paraza kwanza, mayu

Kirumba, Mwanza

Mwangaluka mayu,

Mama yako amenionyesha ile video yako ukisaga kahawa. Nimeona pia ulichomwandikia: kahawa yako chungu, chini ya kikombe kuna tope, na ile mashine ya mkono ya Kariakoo unataka kumpa jirani. Usimpe. Mashine haina kosa kubwa, kosa ni la mkono. Umeikaza mpaka mwisho, ukamimina punje zote kwa mpigo, ukaanza kuizungusha kama unavuta ndoo kisimani.

Sasa fikiria punje nzima imeangukia kwenye meno yaliyobana vile. Haina pa kupita. Inateleza, inarudi juu, inakwanguliwa ubavuni kidogo kidogo, na yale makwangulio ndiyo vumbi. Halafu mashine za bei yetu mhimili wake unacheza, kwa hiyo upande mmoja wa meno huachia mwanya na mapande makubwa yanaponyoka. Ukimimina maji ya moto, vumbi linatoa kila lilicho nacho mara moja, pamoja na uchungu, wakati mapande hayajalowa hata katikati. Ndiyo maana unasema kahawa ni chungu na papo hapo ni nyepesi kama maji ya kusuuzia sufuria. Hujakosea, yote mawili yamo.

Bibi yako wa Magu hakuwahi kunywa kahawa, lakini hili angekufundisha kwa dakika moja. Mtama hakuusaga kwa mkupuo. Aliuparaza kwanza, mkono mwepesi juu ya jiwe, punje ipasuke tu. Akaupepeta kwenye ungo. Ndipo akaurudisha jiweni kuulainisha. Mimi nilikaa pembeni na njaa yangu nikisubiri uji, nikidhani anachelewesha makusudi. Siku hizi hata neno lenyewe kuparaza silisikii, unapeleka debe mashineni unarudi na unga.

Fanya kama yeye. Legeza mashine mpaka punje ipasuke vipande vinne au vitano, kama chenga za mahindi za kulishia vifaranga. Zungusha polepole. Mkono hautauma. Mimina kwenye sinia uangalie vizuri: utaona vijigamba vyepesi, rangi ya maganda ya ndani ya karanga yaliyofifia. Hiyo ni ngozi ya buni iliyojikunja ndani ya ule mfereji wa katikati ya punje. Ile ya nje hubanduka wakati wa kukaanga, hii hubaki imejificha mpaka punje ipasuke. Ukisaga mara moja inasagikia humo humo, na ladha yake kwangu ni ya karatasi. Ipepete, au puliza taratibu. Taratibu kweli, maana mimi mara ya kwanza nilipulizia barazani saa kumi jioni, upepo wa ziwa ukaona unisaidie, na nusu ya kahawa ikatua kwenye mashuka meupe ya mama yako kambani. Habari hiyo usimkumbushe.

Ukishapepeta, kaza mashine hadi upate punje za ukubwa wa sukari ya kawaida. Rudisha zile chenga kidogo kidogo huku unazungusha. Safari hii zinapita bila kugombana, na zinatoka zinafanana. Kama unga unang'ang'ania kikombe cha plastiki, safari nyingine lowesha ncha ya kijiko, ukoroge punje nayo kabla ya kuanza. Tone moja tu, si kuziosha.

Vumbi haliishi kabisa, sitakudanganya. Likikukera, lipitishe kwenye chujio la chai lenye matundu madogo na ulitunzie kahawa ya birika. Wazee wa kijiweni hapa niliwaeleza habari za kusaga mara mbili wakacheka mpaka mmoja akamwaga kikombe. Nao wana haki yao. Kahawa yao inasagwa laini, inachemka na tangawizi juu ya mkaa, inanywewa na kashata, na uchungu ndio wanaoufuata pale. Haya ninayokuambia ni ya kahawa ya kuchuja kama yako.

Halafu maji. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hapa maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, nami namimina moja kwa moja. Huko Dar yanafika 100. Epua, subiri kama dakika moja. Kahawa gramu 15 kwa maji mililita 250, ukizidisha ni pesa yako. Na usage ya kunywa saa hiyo hiyo, harufu haingoji.

Kahawa niliyokufungia ni robusta ya Kagera, imevuka na meli ya Bukoba. Nimeichanganya na arabika ya Tarime, robo hivi. Robusta ina kafeini karibu mara mbili ya arabika na uchungu wake ni wa kuzaliwa nao, kwa hiyo usitegemee mashine iufute wote. Nimeikaanga juzi mwenyewe. Iliyosagwa tayari sinunui tena tangu niuziwe pakiti yenye mahindi ya kuungua, ilivimba kwenye birika kama uji.

Ajabu ni kwamba miaka ile nikibeba mizigo bandarini, magunia ya kilo 60 ya kahawa hiyo hiyo yalishuka melini yakapita mgongoni kwangu kwenda kupanda treni ya Dar. Nilirudi nyumbani shati likinuka buni mbichi, kama majani makavu. Nikavua, nikanywa chai. Kikombe cha kwanza cha kahawa ile nimekionja nikiwa nimeshastaafu.

Ukijaribu, nipigie uniambie tope limebaki kiasi gani. Mzigo utafika na basi kesho usiku, nauli ya mzigo nimeshalipa, usikubali kudaiwa tena. Na hilo kopo lenye mfuniko wa bluu ni la mama yako. Lirudishe na mtu wa kwanza atakayekuja huku, hajui kama nimelichukua.

Baba yako