Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama, assalaam alaykum, na kwa wenzetu Wakatoliki, Tumsifu Yesu Kristo.

Shughuli za mwaka mnazijua, sitazirefusha. Kamati ilikaa mara tatu, tulifanya matembezi mawili ya Mji Mkongwe, na fundi wetu wa chokaa alizungumza na wanafunzi wa skuli. Katika matembezi ya Minara Miwili, yaani kanisa la Mtakatifu Yosefu, tuliingilia ua wa nyuma kama kawaida, tukaoneshwa vioo vya rangi na vigae vilivyoletwa kutoka Ufaransa, na michoro ya Agano la Kale ukutani. Nawashukuru waliotupokea. Tulikuwa tisa, nami nikiwemo.

Sasa vipeperushi vyetu kuhusu kanisa hilo, ambavyo vimesemwa barazani kuliko kikaoni. Wapo wanaodai Mwenyekiti amechoma moto fedha za chama. Sikuchoma kitu. Nakala 500 za mwanzo zipo kwenye maboksi chini ya ngazi nyumbani kwangu, na mke wangu ni shahidi, maana kila siku analalamika zinamzibia njia. Nilichofanya ni kuzuia zisigawiwe.

Ukurasa wa pili ulisema ramani ya kanisa la Mtakatifu Yosefu ilichorwa na mtu yule yule aliyechora ya Notre-Dame de la Garde, kanisa la mlimani huko Marseille, Ufaransa. Waongoza watalii wetu huyasema hayo kutwa, na jina la Béranger hulitaja kwa kujiamini kuwa ndiye mchoraji wa yote mawili. Lakini Notre-Dame de la Garde ni kazi ya msanifu mwengine, Espérandieu. Ilitabarukiwa 1864, naye akafariki 1874. Ujenzi wetu ulianza 1893. Mwenzetu mmoja akajitetea kwamba ilikusudiwa kathedrali ya Marseille. Hiyo nayo ilianzwa na Vaudoyer, aliyefariki 1872. Na hata asiyetaka tarehe angetazama picha tu: kanisa lile la mlimani lina mnara mmoja, juu yake sanamu ya Bikira Maria iliyopakwa dhahabu. Letu watu wa Unguja wamelipa jina kwa kuhesabu.

Katika kamati wapo waliotaka tubandike kipande cha karatasi juu ya sentensi ile. Karatasi hubanduka, khasa kwa joto letu, na mgeni akishaona umeficha kitu atataka kukisoma hicho hicho.

Nimeulizwa kwa nini sikuitisha mkutano kwanza. Niliitisha. Akidi yetu ni watu 24. Walikuja 11, na watatu wakaaga mara tu baada ya chai. Kwa hiyo nilitumia mamlaka ya dharura ambayo katiba inampa Mwenyekiti, nikaagiza vichapishwe upya.

Kipeperushi kipya nimekiandika mwenyewe, usiku, bila posho. Kinaeleza Mapadri wa Roho Mtakatifu waliotoka Réunion kuja Unguja 1863, na 1868 wakavuka kwenda Bagamoyo. Kinaeleza ujenzi wa 1893 hadi 1898, na kwamba kazi ikiwa haijakwisha, tarehe 27 Agosti 1896, manowari za Waingereza zikalipiga mizinga jumba la Sultani, si mbali na hapo. Kinamfahamisha msomaji matao ya nusu duara ya mtindo wa Kiromaneski, na kwa nini akiwa uchochoroni chini ya ukuta haioni minara, ilhali aliye kwenye boti inayotoka Dar es Salaam ameshaiona kabla ya kushuka. Kinasema pia kwamba kanisa kuu lililojengwa penye soko la watumwa ni lile la Waanglikana, Mkunazini. Nashangaa kwamba hili bado wanaambiwa wanachama wenye vitambulisho vya kuongoza wageni.

Hesabu, kama alivyonikabidhi Bi Mweka Hazina: tulianza na shilingi 1,180,000, ada zikaingia 460,000, michango 300,000. Vipeperushi, mara zote mbili, 970,000, ukumbi na chai 275,000, matembezi 140,000. Zimebaki 555,000. Daftari lina wanachama 71, na waliolipa ada ya shilingi 20,000 ni 23. Wasiolipa wanadaiwa jumla ya 960,000. Naomba mlitazame fungu hilo kando ya lile la vipeperushi, kisha tuendelee kuulizana nani amekigharimu chama. Wawili kati ya waliopiga kelele zaidi hawajalipa tangu mwaka juzi. Majina yao Katibu anayo, mimi sitayasoma.

Mwakani, Mungu akipenda, tunatarajia safari ya Bagamoyo, na pengine mafunzo kwa waongoza watalii, hali ya mfuko ikiruhusu. Wazo la maktaba ndogo lingalipo, tunalifanyia kazi.

Vipeperushi vipya viko mezani kwa Katibu. Kila mwenye stakabadhi ya ada ya mwaka huu atapewa nakala kumi.