Swingamu ya Pikipiki ya Zamani: Pima Fremu Uliyonayo Kabla ya Kununua

Wateja wengi wanaotuletea pikipiki za zamani zilizoundwa upya kwa matakwa ya mwenyewe hulalamika kwamba sehemu ya nyuma inayumba kwenye kona, na kwamba kubadilisha tairi na shokomzoba hakukusaidia kitu. Mara nyingi chanzo huwa ni swingamu, yaani ule mkono wa chuma unaobeba gurudumu la nyuma na kushikwa kwenye fremu kwa bolti moja ndefu inayouwezesha kupanda na kushuka. Kipuri hiki hakionekani kuwa na kazi kubwa, lakini mwelekeo wote wa gurudumu la nyuma unakitegemea.

Kabla ya kutafuta swingamu nyingine, thibitisha kwamba tatizo liko hapo. Inua pikipiki hadi gurudumu la nyuma lining'inie, fungua shokomzoba upande wa chini, kisha shika ncha za swingamu yenyewe na uzisukume kushoto na kulia. Ukiusikia mchezo, yaani kulegea, pale inapopita bolti ya egemeo (ile ndefu inayoshika swingamu kwenye fremu), bushi (vibomba vidogo vilivyo ndani ya tundu la egemeo) au beringi zimekwisha. Lakini ikiwa mkono umetulia na gurudumu pekee ndilo linalocheza, tafuta kasoro kwenye beringi za gurudumu. Tunasisitiza jambo hili kwa sababu swingamu nyingi zinazotupwa bado ni nzima. Yamaha XS650, kwa mfano, ilitoka kiwandani ikiwa na bushi za plastiki, na pikipiki nyingi za aina hiyo hutulia mara tu zinapowekewa bushi za shaba nyeusi na kutiwa grisi ipasavyo.

Swingamu yenyewe hubadilishwa inapokuwa imepinda, imeliwa na kutu kutoka ndani ya bomba, au ina ufa karibu na vishikio vya shokomzoba au kwenye matundu marefu ya ekseli. Ufa wa namna hiyo hatuuchomelei na kuurudisha barabarani, hata mteja akituomba.

Ugumu wa kutafuta kipuri unatokana na ukweli kwamba pikipiki iliyoundwa upya haifanani tena na ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha kiwanda. Jina la injini halitoshi kukuongoza. Injini ya Harley-Davidson inayojulikana kama Panhead ilitengenezwa kuanzia 1948 hadi 1965, ilhali fremu yenye swingamu kwa pikipiki hizo kubwa ilikuja na Duo-Glide ya 1958. Zile za kabla yake zilikuwa na fremu ngumu isiyo na swingamu hata kidogo. Injini hizo zimehamishwa kutoka fremu moja hadi nyingine kwa miongo mingi, kwa hiyo anayeagiza kipuri kwa kutaja injini na mwaka pekee anabahatisha.

Chukua vipimo vya fremu iliyo mbele yako kwa vania (kifaa cha kupimia upana na kipenyo): upana kati ya masikio ya fremu, yaani pande mbili zinazoshika bolti ya egemeo, kipenyo cha bolti ya egemeo, urefu kutoka katikati ya bolti hiyo hadi katikati ya ekseli, nafasi ya ndani kwa ajili ya gurudumu, mahali vinapokaa vishikio vya shokomzoba, na upande unaopita mnyororo. Swingamu iliyotumika isinunuliwe ikiwa imepakwa rangi mpya nzito bila kwanza kuikwangua, kwa maana rangi huficha nyufa. Pitisha fimbo mbili zilizonyooka, moja kwenye tundu la egemeo na nyingine kwenye matundu ya ekseli, kisha uzitazame kutoka juu na kutoka nyuma. Zisipokuwa sambamba, mkono huo umepinda.

Wapo wanaotaka swingamu ndefu zaidi kwa ajili ya mwonekano. Inawezekana, ila ina gharama yake katika uendeshaji. Ukirefusha kutoka milimita 450 hadi 500 na kuacha vishikio vya shokomzoba katika umbali uleule kutoka kwenye egemeo, ugumu wa springi unaohisiwa kwenye gurudumu hupungua kwa takriban asilimia 19, na pikipiki iliyokuwa imara huanza kuzama inapobeba abiria. Springi ngumu zaidi zinapaswa kuagizwa pamoja na mkono huo. Kwa wanaotaka tairi pana, mnyororo wa saizi ya 520 una hatua (umbali kutoka pini hadi pini) ileile ya milimita 15.875 kama wa 530, lakini upana wake wa ndani ni milimita 6.35 badala ya 9.525, jambo linaloongeza nafasi kidogo kando ya tairi, mradi sproketi zote mbili zibadilishwe pia.

Katika ufungaji, sehemu inayotuchukulia muda mwingi ni egemeo. Ndani ya bushi hukaa bomba dogo ambalo bolti hulibana dhidi ya masikio ya fremu, na swingamu huzunguka juu yake. Bomba hilo lazima lizidi kidogo sana urefu wa sehemu ya swingamu inayolizunguka. Likiwa fupi, kukaza nati kutaubana mkono usicheze kabisa. Likiwa refu kupita kiasi, mkono utahama kushoto na kulia, na yumbayumba itarudi palepale. Bushi za shaba nyeusi hujibana kidogo zinaposhindiliwa, hivyo hupanuliwa kwa rima (kifaa cha kupanulia tundu) baada ya kuingizwa, wala si kabla. Nati ikishakazwa kwa kipimo, mkono usiofungwa shokomzoba unapaswa kushuka wenyewe kwa uzito wake, polepole na bila kukwama.

Gurudumu hulinganishwa kwa kupima umbali kutoka egemeo hadi ekseli pande zote mbili, kwa sababu alama zilizochorwa kwenye swingamu za zamani si za kuaminika. Kama breki ni ya ngoma, fito inayozuia sahani ya breki isizunguke irudishwe na kufungwa kwa bolti yake na pini; ikikosekana, sahani yaweza kuzunguka pamoja na gurudumu na kulifunga ghafla mwendoni.

Mnyororo tunauacha mwishoni. Hukaza zaidi pale katikati ya sproketi ya mbele, ya bolti ya egemeo na ya ekseli zinapokuwa kwenye mstari mmoja, kwa hiyo tunauinua mkono hadi hapo kabla ya kufunga shokomzoba na kuhakikisha kwamba bado umelegea kidogo. Baada ya safari fupi ya kwanza tunaomba pikipiki irudi ili nati ya egemeo, ya ekseli na mlegeo wa mnyororo vikaguliwe tena.