Barua ya wazi kwa mbunge wetu: ule mswada wa msitu uko wapi?

Mheshimiwa,

Pokea salamu kutoka ukingoni mwa msitu wa Mau Mashariki, hapa Nakuru, Kenya, huku ulikofika mara ya mwisho ukiomba kura mwaka wa 2022. Najua una shughuli nyingi. Sisi pia tunazo, kubwa ikiwa kutafuta maji.

Usiku wa kuamkia Jumatano, saa nane hivi, nilisikia pawasoo ikinguruma bondeni. Nikahesabu miti mitatu ikianguka. Kulipopambazuka nikashuka na mwanangu, tukakuta visiki vya mitarakwa, unga wake mwekundu bado mbichi, unanuka kama penseli iliyochongwa sasa hivi. Kisiki kimoja nilikipima: shubiri saba. Hatua chache kutoka hapo, bikoni ya mpaka wa msitu ilikuwa imeng'olewa ikalazwa kando vizuri, kama ya mtu atakayerudi kuisimika, ila si pale ilipokuwa. Nilipowapigia simu wanaohusika, niliambiwa gari halina mafuta.

Unakumbuka ule mche wa mtarakwa uliopanda kwenye uwanja wa shule? Siku hiyo ulisema utapeleka bungeni mswada wa kuufanya msitu huu pori la kudumu, lisilokatwa wala kugawiwa. Tulipiga makofi hadi viganja vikawaka. Mche uliliwa na mbuzi wiki hiyo hiyo. Kibao chenye jina lako kingalipo, na rangi yake haijapauka.

Labda hukuelewa makofi yale yalitoka wapi. Mwaka wa 2001 serikali iliondoa zaidi ya hekta 35,000 za Mau Mashariki katika hifadhi. Tangu hapo, kila uchaguzi ukinukia, minong'ono ya vipande vya ardhi huanza upya. Katiba, kifungu cha 62, inasema misitu ya serikali na vyanzo vya maji ni ardhi ya umma. Vyema. Lakini Sheria ya Misitu ya 2016, kifungu cha 34, inamruhusu mtu kupeleka ombi ili Bunge libadilishe mpaka wa msitu wa umma. Huo ndio mlango ulioahidi kuutia komeo. Na wapo wanaoutamani uwe wazi zaidi: mwaka wa 2021 uliletwa mswada wa kuliondoa Shirika la Huduma za Misitu (KFS) katika kuyachuja maombi hayo, tukaupigia kelele.

Mimi nadhani mambo yaliharibika zaidi marufuku ya ukataji, iliyowekwa 2018, ilipoondolewa 2023. Naambiwa ruhusa ile ni ya miti ya kupandwa tu. Sawa, lakini pawasoo haijui kusoma. Nashuku pia kwamba wanaokuja usiku wanajuana na wanaolala mchana, ila ushahidi sina.

Nilicho nacho ni punda wa kubebea maji. Kijito kilikuwa kinapita nyuma ya boma langu. Nilikuwa nachota maji kabla ya kukama na kurudi chai haijachemka. Sasa natembea saa nzima kwenda na nyingine kurudi, nikifika zamu imepita, napanga foleni upya. Ng'ombe wawili nimeuza. Mgongo nao umegoma. Mama mkwe wangu anasema ni mvua tu imekawia. Mama, mvua ikija itakuta nini cha kuishika?

Mheshimiwa, barabara sikuombi. Basari sikuombi. Hata kibao chako ukikihitaji kwa kampeni za 2027, njoo ukichukue, tumekutunzia. Naomba mswada usomwe bungeni, hata ile mara ya kwanza tu. Kisha ujadiliwe, tuwaone wanaoupinga kwa sura na kwa majina. Na kama haujawahi kuandikwa, tuambie hivyo hivyo, tuache kuungoja.

Ni mimi mpiga kura wako,
Mau Mashariki