Barua kwa mwanangu: mavyaa, na ile tarehe ya kuja

Wete, Pemba

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako nimemsomea mama yako mara tatu, na mara zote tatu kanikatiza pale pale: "nitajifungulia huku huku Dar." Wewe umeuliza maana ya mavyaa, kwa kuwa mawifi zako walicheka ulipomwita mama yao hivyo. Nitakujibu. Lakini na wewe unijibu: unakuja lini?

Mavyaa ni mama aliyevyaa, yaani aliyemvyaa mumeo. Baba yake ni bavyaa. Kuvyaa ndiko kuzaa, ila sisi tumebaki na vya na wenzetu wa Unguja mjini wakashika za. Mawifi zako wamecheka neno kongwe. Waganda husema kuzaala, Wazulu ukuzala, Wanyarwanda kubyara. Wote hao wana l au r karibu na mwisho, sisi tumeimeza. Hata hivyo haikupotea. Sema zaliwa, zalia, zalisha, utaiona imechomoza tena, kama kaa na kalia. Somo hili nikilipenda kuliko yote darasani, na wanafunzi wakisinzia.

Humo humo ndimo wametoka uzazi, kizazi, hata mazao ya shamba. Na mzazi. Kwa bibi zetu mzazi hakuwa baba au mama tu. Alikuwa pia mwanamke aliyetoka kujifungua, yule anayekandwa kwa maji ya moto na asiyetoka nje mpaka arubaini. Basi zipo siku arubaini ambazo mzazi anamhitaji mzazi. Nani atakukanda huko ghorofani? Mumeo anatoka alfajiri. Mavyaa wako ni mtu mwema, simsemi, lakini ana duka.

Kujifungua nalo silipendi sana. Fungua, halafu ukatia -ji-, kama kwamba mtu anajifungulia fundo mwenyewe, hana haja ya mwengine. Waliosema "usitukane wakunga na uzazi ungalipo" walijua zaidi. Usiniambie habari za hospitali. Wete ipo, Chake ipo, na Abdalla Mzee iko Mkoani pale pale unaposhukia boti. Lakini huko uliko kliniki usikose, na vile vidonge vya damu meza, hata vikikuchafua roho.

Kuna neno moja nataka ulijue vizuri: mzalia. Leo mzalia wa Wete ni mtu aliyezaliwa Wete, basi. Zamani za utumwa mzalia alikuwa mtumwa aliyezaliwa huku huku pwani, na aliyeletwa karibuni kutoka bara akiitwa mjinga, maana hajaijua lugha wala desturi za watu. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa 1873, maneno yakabaki midomoni, tukayaosha tukaendelea kuyatumia. Sasa mwanao atakuwa mzalia wa Dar. Si aibu. Ila kitovu chake mtakizika wapi, kwenye kibaraza cha ghorofa ya tatu?

Neno vyaa nilikukataza mimi, unajua namna nilivyokukataza. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ulikichagua Kiunguja kiwe Kiswahili cha shule, na mimi nikajifanya mlinzi wake mpaka ndani ya nyumba yangu. Nimeliona tena kwenye ujumbe wako, umeliandika sawasawa, nikamwonesha jirani.

Mama yako anasema nikwambie mumeo awe karibu siku hiyo. Hakuongeza neno. Mwaka uliozaliwa wewe nilikuwa Unguja nasahihisha mitihani, na ruhusa ilikuwa inaombeka. Basi mwambie mumeo awe karibu.

Sasa ni kaskazi, bahari imelala. Kusi likishachanganya, mkondo wa Pemba haumfai mwenye tumbo kubwa, na mama yako kwa magoti yale hapandi boti kukufuata. Usingoje Mei. Ukisema kazi haikuruhusu, waombe. Wewe si mtu wa kushindwa kuomba; ulikwenda kuomba nafasi chuoni peke yako nami nikinuna.

Hapa hatujambo. Bati la jikoni linavuja, nataka nilizibe kabla ya masika. Mbuzi wa mama yako amezaa pacha juzi. Mmoja hashiki chuchu, tunamnywesha kwa chupa, na usiku zamu ni yangu. Chumbani kwako nimetoa magunia ya karafuu na majamvi, imebaki harufu tu. Kitanda cha kamba nimekipeleka kusukwa upya. Fundi anauliza kinatakiwa lini. Nimwambie lini?

Baba yako