Barua ya Wazi kwa Kamishna wa Elimu: Vipindi Rekebishi Peke Yake Havitoshi

Ndugu Kamishna,

Shule nyingi zikibaini watoto wasiomudu KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu), huwakusanya wote chumba kimoja kwa vipindi rekebishi, yaani vya ziada kwa waliobaki nyuma, wa silabi na wa sentensi, na kuwarudishia ukurasa uleule uliowashinda asubuhi. Tunakuomba utoe waraka wa msaada wa ngazi tatu, kwa masomo na nidhamu pamoja.

Ngazi ya kwanza ni darasa zima. Katika darasa la tatu lenye watoto 80, kila mmoja asikilizwe kwa dakika 3: silabi, maneno, aya fupi. Hizo ni saa 4, zinagawanyika ndani ya wiki moja. Wakishindwa 50, msiunde vikundi. Rekebisheni kwanza ufundishaji wa darasa, kwa kuwa hakuna shule yenye walimu wa kutosha kuwagawa watoto 50 katika vikundi vidogo. Hapa ndipo mpango huvunjika. Marekani, utaratibu huu ulikokomaa, hukadiriwa kwamba ngazi ya kwanza iliyo imara huwatosha watoto 80 hivi kati ya 100. Ni kipimo cha kujikagua tu, mwalimu mkuu asilazimishwe kukijaza.

Ngazi ya pili ni vikundi vya watoto 5 hadi 8 wenye pengo moja, dakika 30, mara 4 kwa wiki, kwa wiki 8. Visiwekwe saa ya uji wala ya michezo, mtoto ataona anaadhibiwa. Kila wiki ya pili asome aya mpya ya kiwango kilekile, yahesabiwe maneno sahihi kwa dakika. Vipimo 3 mfululizo visipopanda, mbinu ibadilishwe. Ngazi ya tatu ni mtoto mmoja au wawili na mwalimu, baada ya macho na masikio kupimwa.

Nidhamu ifuate njia hiyohiyo. Kanuni 3 zifundishwe kwa vitendo pale zinapohusika: bombani, chooni, mstarini. Anayerudia kosa apewe kadi ya siku ya kufuatilia tabia yake, aipitie asubuhi na jioni na mwalimu mlezi. Lakini anayevuruga kila kipindi cha kusoma mara nyingi anaficha kwamba hajui kusoma. Ukimtoa nje umempa alichotaka. Kanuni za serikali za mwaka 2002 kuhusu viboko shuleni zinataka kila adhabu ya viboko iandikwe. Daftari hilo lilinganishwe na matokeo ya usomaji, na jina linaloonekana kote kuwili lianzie kwenye kusoma.

Waraka utaje pia kwamba mwalimu atakayeratibu msaada huu apunguziwe vipindi 4 vya kufundisha kwa wiki.