Barua kutoka Uppsala: kiinitete hukumbuka joto

Uppsala, Sweden, 9 Oktoba

Mpendwa Tumaini,

Barua yako nimeipata, nami nimefurahi sana kusikia kwamba mtoto ameanza kutembea na kwamba mama anaendelea vizuri. Huku majani yameanza kudondoka na jua linazama mapema. Mimi ni mzima.

Umeniuliza swali nisiloweza kulijibu kwa simu: ikiwa miche ya migomba inayokuzwa maabara kutoka kwenye tishu imewezekana, kwa nini mipaina bora ya shamba la miti la Sao Hill, huko kwetu Tanzania, isizalishwe vivyo hivyo? Inawezekana. Ila kuna jambo ndani yake ambalo linakuhusu sana wewe mtu wa kitalu, na nataka ulisikie lote.

Kwanza, mpaina uliokomaa ni mgumu kuzaliana bila mbegu. Vipandikizi vyake hugoma kutoa mizizi. Ndiyo maana tunaanzia kwenye mbegu ambayo haijakomaa. Mwaka 1985, hapa hapa Uppsala, Inger Hakman, Sara von Arnold na wenzao walitoa viinitete vichanga, yaani mimea midogo iliyomo ndani ya mbegu, vya Picea abies, ule mti wa Krismasi wa Ulaya, wakaviweka kwenye lishe yenye homoni mbili, oksini na sitokinini. Ikaota tishu nyeupe yenye utelezi, na ndani yake vikajitengeneza viinitete vingine vingi, vyote vyenye jeni zilezile. Patula yenyewe, ule mpaina mnaoupanda huko, ilifanyiwa hivyo Afrika Kusini mwanzoni mwa miaka ya 1990. Sehemu ya tishu hugandishwa kwenye nitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, na nyingine hugeuzwa miche na kupandwa shambani. Miaka ikipita na mti fulani ukathibitika kuwa bora, unarudi kwenye akiba ukiwa na tishu yake changa vilevile.

Sasa njoo kwenye kazi yenyewe. Maadamu homoni zipo, ile tishu inaongezeka tu, haitaki kukua. Lazima uiachishe, kama mtoto anavyoachishwa ziwa. Ukiondoa oksini na sitokinini, seli zinaanza kujipanga: upande mmoja kichwa cha kiinitete, upande wa pili mkia mrefu wa seli uitwao saspensa. Hapo ndipo jeni zinapoanza kupokezana zamu. LEC1 inafanya kazi mwanzoni na inapaswa kutulia kiinitete kinapokomaa. WOX2 inahitajika ili ngozi ya nje ya kiinitete itengenezwe ipasavyo, na WOX8/9 ili seli zigawanyike kwa mwelekeo unaofaa. Ukizizima katika siku hizo za awali, unapata vitu vilivyopinda ambavyo havitakuwa mti kamwe.

Na kuna kifo ndani ya mpango huo. Seli za saspensa hufa kwa utaratibu, safu baada ya safu, na kimeng'enya kiitwacho metakaspasi kina mkono katika vifo hivyo. Mwaka 2004 watafiti wa hapa walikizuia, na viinitete vikashindwa kujengeka. Nilipoliona jambo hili kwa darubini mara ya kwanza, seli zilizo hai zikiwa na rangi moja na zinazokufa zikiwa na nyingine, nilikaa kimya muda mrefu. Sehemu ya mti ule isipokufa kwa wakati wake, mti wote haupo.

Baada ya hapo tunakitesa kiinitete kwa makusudi. Tunakipa asidi ya abisisi, homoni ambayo mmea huitoa unapokosa maji, na mara nyingi tunapunguza pia maji kinayoweza kuyafikia. Kikihisi ukame, kinaacha kugawanyika ovyo na kuanza kuweka akiba: mafuta, wanga, protini, na zile protini za kukinga seli zisiharibike zinapokauka. Bila shida hiyo hakikomai, na ikizidi kinakufa. Ustadi wote uko katikati hapo, na kila ukoo wa tishu una kiwango chake.

Lakini lililonifanya nikuandikie ni hili. Wanorwe waliwahi kuhamisha miti mama kutoka kaskazini kwenye baridi, wakaipanda kwenye bustani za mbegu za kusini. Mbegu zilizopatikana huko zikazaa miche yenye tabia za kusini: ilichelewa kufunga machipukizi, yaani kusimamisha ukuaji, kabla ya majira ya baridi, ikaumia kwa jalidi. Wazazi ni walewale! Wengine wakadhani labda chavua ya jirani imeingia. Mwaka 2008 Harald Kvaalen na Øystein Johnsen walichapisha jaribio lililofunga mjadala kwa kutumia viinitete vya tishu. Jeni zilikuwa zilezile, chavua haikuwepo kabisa, tofauti ilikuwa joto la kukuzia viinitete tu: nyuzi 18, 23 au 28. Miche iliyotoka kwenye joto ilichelewa kufunga machipukizi kuliko ndugu zake wa baridi. Kiinitete kilikuwa kimeweka kumbukumbu ya hali ya hewa kabla hata hakijawa mche. Kazi zilizofuata zimeonyesha kwamba RNA ndogondogo, zile zinazonyamazisha jeni, hutofautiana kati ya makundi hayo.

Wenzetu wa nchi ya Wabaski, kaskazini mwa Hispania, wameenda mbali zaidi na radiata, ule mpaina ambao Afrika Mashariki iliuacha katika miaka ya 1960 kwa sababu ya ukungu wa Dothistroma. Wanaianzisha tishu kwenye joto kali, nyuzi 40 kwa saa nne au hata 60 kwa dakika tano. Baadaye miche inayotokana na joto hilo ikaonekana kukabili ukame kwa namna tofauti na ile ya joto la kawaida.

Unaona ninakoelekea. Koni za patula hukaa juu ya mti karibu miaka miwili au zaidi kabla ya kukomaa. Mbegu mnazozipokea ninyi mnaandika zimetoka bustani ipi na mti mama upi, basi. Hamuandiki mwaka mbegu zilipokuwa zinakomaa ulikuwa wa joto au wa baridi, wala bustani iko mita ngapi juu ya usawa wa bahari. Sijui kama patula inakumbuka kama jamaa yake wa Ulaya. Nataka sana kujua, na wewe ndiye mwenye kitalu. Msimu ujao, tafadhali, tenga mafungu mawili ya mbegu za ukoo mmoja kutoka bustani mbili za mwinuko tofauti, uyaoteshe bega kwa bega, na upime urefu kila mwezi. Rajisi ya kawaida inatosha. Ukianza Januari, nitakapokuja likizo tutayasoma pamoja.

Mbusu mtoto kwa niaba yangu, na mama mwambie kahawa yake imefika salama.

Wako akupendaye,
Rehema